UKIULIZWA SHILINGI AU RIYALI, JIBU NINI?

(Mada iliyotolewa katika darsa la vijana baada ya swala ya Alasiri, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji wa jarida letu la Ramadhani.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (S.W.T), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na maswahaba zake wote. 

Ama baad. Najua wengi wenu mlipoona kichwa cha mada hii mlijiuliza: huyu naye katuletea mambo gani ya pesa mwezi mtukufu? Ramadhani ni ya swaumu, tarawehe na Qur'ani. Ni kweli. Lakini Ramadhani pia ndio mwezi ambao watu wetu wengi husafiri kwenda Umra, na msafiri hubeba pesa, na mara nyingi pesa hizo si zake peke yake. Ni za mama, za nyanya, za shangazi aliyesema, "Mwanangu, chukua hizi unitolee sadaka kule." Hiyo ni amana, na amana haihifadhiwi kwa nia njema tu. Inahitaji pia kujua.

Mimi nilikuwa na nia njema. Kujua sikujua. Nisikilizeni.

NYANYA NA PESA ZA MAHAMRI

Nyanya yangu amekaanga mahamri tangu kabla sijazaliwa. Huamka saa tisa za usiku, akakanda, akasukuma, na ikifika alfajiri watoto wa mtaa mzima wako mlangoni na vikombe vya mbaazi. Hamri moja shilingi 10. Kutokana na shilingi kumi kumi hizo aliweka akiba ya Umra, na Ramadhani ya mwaka 1446, yaani Machi 2025, Allah akamjaalia kwenda. Mimi nikachaguliwa kumsindikiza.

Nauli, viza na hoteli zililipwa kwa wakala kabla ya safari. Pesa za matumizi, chakula, zawadi na sadaka zilibaki shilingi 120,000. Kwa kuwa nyanya hana kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi, akazitia kwenye akaunti yangu. Akanipa na daftari. Akasema, "Kila utakachotoa, andika hapa."

Tulipofika Makka, siku ya pili jioni nilikwenda kwenye mashini ya ATM karibu na Msikiti wa Haram kutoa riyali 2,000. Maghrib ilikuwa inakaribia, watu wamejaa njiani wanakimbilia nafasi za kufuturu, na nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikatia kadi, nikatia namba ya siri, nikaandika kiasi. Badala ya kutoa pesa, mashini ikanionyesha ukurasa mwingine. Ikasema kadi yangu ni ya shilingi za Kenya. Ikasema riyali moja ni shilingi 37.60, na jumla yangu itakuwa shilingi 75,200. Ikaniuliza: unakubali bei hii, au unakataa?

Mimi nikaona ni rehema. Kwanza, nimeona shilingi, pesa ninayoijua, nikahisi niko nyumbani. Pili, iliandikwa kwamba bei hiyo ni ya uhakika, haitabadilika. Tatu, amu yangu aliyekwenda Umra ya Rajab mapema mwaka 2024 alikuwa ameniambia riyali moja ni shilingi 42 na zaidi, kwa hivyo 37.60 nikaiona rahisi sana. Na nne, hili ndilo lililonimaliza: nilidhani nikikataa, mashini itanirudishia kadi na pesa nikose. Nani anataka kurudi kwa nyanya mikono mitupu na adhana inakaribia?

Nikabonyeza kukubali. Noti zikatoka. Nikasema Alhamdulillah.

NILICHOAMBIWA NA MWANAFUNZI WA MADINA

Siku tatu baadaye nilikutana na kijana wa kwetu anayesoma Madina, amekuja Makka kwa ajili ya Umra. Katika mazungumzo nikamwambia bei niliyopata. Akacheka, halafu akaona mimi sicheki, akanyamaza. Akanichukua hadi kwenye mashini nyingine, akaniambia, "Toa riyali 1,000. Ikikuuliza, kataa."

Nikamuuliza, "Na pesa zisipotoka?"

Akasema, "Kataa, ndugu yangu."

Nikakataa. Mashini ikaniuliza mara ya pili, kama muuzaji anayekushika mkono unapotaka kuondoka dukani: una hakika hutaki bei yetu ya uhakika? Nikakataa tena. Na noti zikatoka vilevile, riyali 1,000 kamili. Nilipofungua programu ya benki kwenye simu, nikakuta shilingi 35,200 zimekatwa. Yaani riyali moja kwa shilingi 35.20.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Ada ya benki yangu ya kutoa pesa nje ilikuwa ileile mara zote mbili, kwa hivyo naiweka kando. Tofauti ni shilingi 2.40 kwa kila riyali. Mara riyali 2,000 nilizotoa siku ya kwanza, inakuwa shilingi 4,800. Kwa hesabu ya nyanya hayo ni mahamri 480. Na hapo sijatoa unga, mafuta, nazi, wala usingizi wake.

NANI ALIYEKULA TOFAUTI HIYO?

Ndugu msomaji, tuelewe jambo hili linavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa mara moja hutahitaji kulikariri.

Kadi yako ni ya shilingi. Mashini ya Makka inatoa riyali. Lazima pawe na mtu katikati wa kubadilisha moja kuwa nyingine. Watu wanaoweza kuifanya kazi hiyo ni wawili.

Wa kwanza ni mtandao wa kadi yako, kama vile Visa au Mastercard, pamoja na benki yako ya nyumbani. Wao hutumia bei ya siku ya soko la jumla au iliyo karibu nayo, kisha benki yako huongeza asilimia yake kidogo. Bei ya mitandao hii si siri. Visa na Mastercard wote wana kikokotoo kwenye tovuti zao, unaandika sarafu mbili na tarehe, unapata jibu.

Wa pili ni mwenye mashini uliyosimama mbele yake, akishirikiana na kampuni ya kubadilisha pesa. Huyu hujipangia bei mwenyewe. Nyongeza yake kwa kawaida huanzia kama asilimia 3 na huweza kupita 10, na faida hiyo hugawanywa kati yao. Hashindani na mtu, kwa sababu wewe umeshasimama pale, umeshatia namba ya siri, na nyuma yako kuna foleni. Duka la pesa la mtaani likikupa bei mbaya unavuka barabara kwenda la pili. Kwenye mashini unaona bei moja tu, na swali moja tu.

Ile screen niliyoiona ilikuwa ni huyu wa pili anaomba kazi. Swali la "shilingi au riyali" maana yake ni hii: nani akubadilishie, mimi au benki yako? Ukichagua shilingi, umemwajiri yeye. Ukichagua riyali, umeirudisha kazi kwa benki yako. Kukataa bei yake si kukataa pesa. Wallahi laiti ningelijua neno hili moja!

Na kanuni za mitandao ya kadi zinasema kwamba mteja lazima aulizwe. Haifai akuchagulie. Tena huko Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika katika jambo hili Aprili 2020 inawalazimisha wenye mashini waonyeshe nyongeza yao kwa asilimia, juu ya bei ya Benki Kuu ya Ulaya, ili mteja alinganishe. Jambo hili halipatikani Makka peke yake wala Arabuni peke yake. Utalikuta Istanbul, Dubai, London, popote kadi ya kigeni inapoingia. Na dawa ni ileile: chagua pesa ya nchi uliyopo. Makka riyali, Dubai dirhamu, Istanbul lira.

JE, UTAJUAJE KAMA BEI NI NZURI?

Kosa langu la tatu, kumbukeni, lilikuwa kutegemea bei ya amu yangu. Amu hakusema uongo. Alikwenda mwishoni mwa Januari 2024, wakati shilingi yetu ilikuwa imeanguka mpaka dola moja ikafika karibu shilingi 160. Lakini kuanzia Februari 2024 shilingi ilipata nguvu, na kufikia Agosti mwaka huohuo dola ilikuwa kama shilingi 129. Mimi nikaenda Machi 2025 na bei ya mwaka uliopita kichwani. Bei ya sarafu ni kama mkate, ya jana haifai leo.

Lakini riyali ina hesabu nyepesi ambayo hata mtoto wa chuo ataijua. Tangu mwaka 1986 Saudia imeifunga riyali kwa dola: dola moja ni riyali 3.75. Bei hiyo haijaguswa mpaka leo. Kwa hivyo chukua bei ya dola ya siku hiyo kwa shilingi, ambayo Benki Kuu ya Kenya huitangaza kila siku ya kazi kwenye tovuti yake, kisha gawanya kwa 3.75.

Dola ikiwa shilingi 129, riyali ni 34.40. Dola ikiwa 160, riyali ni karibu 42.70. Ndiyo ile bei ya amu.

Nami siku ile ningelifanya hesabu hii, ningeliona riyali haifiki hata 35. Bei ya 37.60 ilikuwa imepita bei halisi kwa kama asilimia 9. Ile 35.20 ya benki yangu ilikuwa imepita kwa kama asilimia 2, na hiyo ndiyo gharama ya kawaida ya safari.

Wanaokwenda Imarati nao wana hesabu yao: dirhamu imefungwa kwa dola kwa 3.6725 tangu mwaka 1997. Gawanya vivyo hivyo.

MAMBO YA KUFANYA KABLA NA WAKATI WA SAFARI

Nimeyakusanya haya baada ya kuungua. Yasome, umsomee na mzee anayejiandaa kusafiri.

Kwanza, kabla ya kuondoka nenda benki yako uulize maswali matatu: ada yenu ya kutoa pesa kwenye mashini ya nje ni kiasi gani? Mnaongeza asilimia ngapi juu ya bei ya mtandao wa kadi? Na je, riyali yangu mnaibadilisha moja kwa moja kuwa shilingi, au mnapitia dola kwanza? Ukipitishwa dola, unaweza kukatwa mara mbili. Wajulishe pia kwamba unasafiri, ili kadi isifungwe ukiwa huko.

Pili, ada ya kutoa pesa mara nyingi ni kiasi kilekile, utoe kidogo au utoe nyingi. Tuchukue mfano ada ni shilingi 500. Ukitoa riyali 200 mara tano, umelipa 2,500. Ukitoa riyali 1,000 mara moja, umelipa 500. Na mwenye mashini naye anaweza kuwa na ada yake, ambayo hutokea kwenye screen kabla hujamaliza. Kwa hivyo usiende kwenye mashini kila siku kama unayekwenda kununua mkate. Lakini usitoe nyingi mpaka ukahofia kutembea nazo kwenye umati. Tia pesa mahali pawili: za siku mfukoni, nyingine kwenye sanduku lenye kufuli hotelini.

Tatu, usitoe pesa taslimu kwa kadi ya mkopo. Kadi ya mkopo ya kawaida huanza kuhesabu riba tangu siku ile ile unayotoa pesa. Msafiri wa Umra akirudi na deni la riba, amefanya biashara gani? Tumia kadi inayokata pesa zako mwenyewe.

Nne, usibebe shilingi nyingi za noti ukitaraji kuzibadilisha kule. Shilingi ya Kenya si sarafu inayotafutwa Makka. Maduka mengi ya pesa hayaitaki, na atakayeitaka atakupa bei ya kuionea. Ukitaka kubeba taslimu, nunua dola au riyali hapa kwetu, kwenye duka lenye leseni ya Benki Kuu, na uchukue risiti. Zunguka maduka matatu kabla ya kununua. Noti za dola ziwe safi, zisizochanika wala kuandikwa, na za toleo jipya. Noti ya dola 100 yenye utepe wa buluu, iliyotolewa tangu Oktoba 2013, haitakusumbua. Noti za zamani wengi huzikataa au huzishusha bei.

Tano, usidanganywe na kibao cha "hakuna komisheni". Mwenye duka la pesa hali hewa. Faida yake imo katika tofauti ya bei anayonunulia na bei anayouzia. Muulize hivi: "Nikikupa dola 100, nitapata riyali ngapi mkononi?" Kwa hesabu yetu dola 100 ni riyali 375. Akikupa 372 au 373 ni sawa. Akikupa 350, sema shukran na uende zako. Na uwanja wa ndege badilisha za teksi tu, kwa sababu huko bei huwa mbaya kuliko mjini.

Sita, swali lile la mashini utalikuta pia dukani na hotelini, kwenye kile kimashini cha kulipia kwa kadi. Hapo kuna hatari nyengine: muuzaji anaweza kukubonyezea shilingi bila kukuuliza, pengine kwa kuona anakusaidia. Itazame screen kabla hujatia namba ya siri. Ukiona shilingi, mwambie kwa upole afute aanze upya, kwa riyali. Ni haki yako. Usione haya.

Saba, chukua risiti na uitunze. Risiti ya mashini iliyokubadilishia huandika bei iliyotumika. Mimi ile yangu niliitupa, na nilipoitaka sikuwa nayo.

NENO MOJA, MASOMO MAWILI

Sisi tuliosoma madrasa tunalijua neno sarfu. Tukisikia sarfu tunakumbuka fimbo ya ustadh na vitenzi vya Kiarabu: kitendo kimoja unakigeuza mara kikawa cha jana, mara cha leo, mara cha amri. Lakini katika vitabu vya fiqhi kuna sarfu nyengine, nayo ni kubadilishana pesa kwa pesa. Asili ya neno ni moja, kugeuza, na ndimo lilimotoka neno letu la Kiswahili, sarafu. Mimi sarfu ya kwanza niliipasi. Ya pili ndiyo iliyoniangusha Makka.

Mimi si mufti, na nimewaachia masheikh wetu hukumu. Lakini misingi tuliyofundishwa ni hii: sarafu mbili za aina tofauti zinaweza kubadilishwa kwa bei yoyote mliyoridhiana, ila makabidhiano yawe papo kwa papo, bila kucheleweshana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 lilizihesabu noti za karatasi kuwa ni pesa kamili zenye hukumu za dhahabu na fedha. Na lilipokutana Jedda mwaka 1990 lilikubali kwamba kuingizwa au kukatwa kwenye akaunti ni aina ya kupokea. Ndiyo maana kutoa riyali kwa kadi ya shilingi kuna mlango katika fiqhi.

Kutokana na misingi hii nataka kusema mambo mawili.

La kwanza ni la tahadhari. Kuna mtindo katika safari zetu: mtu anakusanya shilingi za wenzake Mombasa leo, kwa bei wanayokubaliana leo, na kuahidi kuwapa riyali wakifika Makka wiki ijayo. Hiyo ni sarfu ya kucheleweshana. Kabla ya kuifanya, mwendee sheikh wako umuulize. Pengine njia safi ni kumpa mwenzako shilingi kama amana tu, mkabadilishana hukohuko siku ya kukabidhiana, kwa bei ya siku hiyo.

La pili ni la insafu. Mashini haikuniibia. Ilinionyesha bei, ikaniuliza, nami nikaridhia. Mtu hawezi kubonyeza kukubali kisha akalia kadhulumiwa. Ila ridhaa ya asiyejua ni ridhaa dhaifu. Biashara nyingi za zama zetu zimejengwa juu ya watu wanaobonyeza kukubali kwa haraka, na dini yetu imetutaka tuwe waangalifu katika mali, hasa ikiwa ni mali ya mwingine.

DAFTARI LA NYANYA

Sasa nimalizie kisa, kwa sababu sehemu mbaya sijaisema.

Usiku ule baada ya kujua, nilifungua daftari la nyanya. Nikaandika riyali 2,000, bei 35.20, jumla 70,400. Na zile 4,800 zilizozidi nikaziandika chini kwa mstari mmoja: "ada za benki". Nyanya hasomi hesabu za benki. Nikajiambia, kwa nini nimuumize mzee katika siku za ibada? Shetani, ndugu zangu, akikuta unga wa huruma huukanda akautia uongo ndani yake.

Nilikaa na mstari ule siku nne. Nikiswali tarawehe pale mbele ya Kaaba, imamu anasoma, watu wanalia, mimi namuona "ada za benki" mbele ya macho. Tulikuwa tumeshaingia kumi la mwisho. Siku ya tano, tunafuturu kwa tende na maji ya zamzam, nikamwambia yote. Nikamwonyesha na daftari.

Akatafuna tende yake mpaka ikaisha. Kisha akaniuliza, "Hiyo mashini ilikuuliza au haikukuuliza?"

Nikasema, "Iliniuliza, nyanya."

"Ukajibu?"

"Nikajibu."

Akasema, "Mimi nimeuza mahamri miaka yote hii. Mteja akiniuliza bei, hapo sawa, ni mteja. Lakini ukiona muuzaji ndiye anayekuuliza wewe unataka kulipa vipi, simama kwanza. Sasa futa hayo uliyoandika, uandike yaliyokuwa."

Nikafuta, nikaandika yaliyokuwa. Nikamwambia nitazilipa 4,800 zile, nifundishe watoto masomo ya jioni nikirudi. Nilidhani atasema, "Aa, mjukuu wangu, acha." Hakusema. Alisema, "Inshaallah." Na nilipompelekea shilingi 1,500 za kwanza, alizipokea akazihesabu mbele yangu. Mpaka ninapoandika haya nimelipa 3,000, zimebaki 1,800. Daftari lile bado liko kwake, na deni limeandikwa kwa hati yangu.

Tena akaniongezea sharti moja: "Uwaambie na wenzako." Ndio maana leo nimesimama hapa, na ndio maana wewe ndugu msomaji unasoma haya.

Kwa hivyo nakuomba jambo jepesi. Katika siku hizi zilizobaki za Ramadhani, bila shaka kuna mtu mtaani kwako anayejiandaa: mzee wa Umra, mama anayemfuata bintiye anayefanya kazi Arabuni, au ndugu anayekwenda kusoma nje. Baada ya futari kaa naye dakika kumi. Mfundishe kugawanya kwa 3.75. Mwambie atakutana na swali, na kwamba akikataa pesa zitatoka vilevile. Kama ni mzee asiyejua Kiingereza wala Kiarabu, msindikizaji wake ndiye wa kufundishwa. Na wewe msindikizaji, ukibeba pesa za mtu, andika kila kitu, na andika kilichokuwa.

Akiuliza mashini shilingi au riyali, mkiwa Makka jibuni riyali.

Namuomba Allah atutakabalie swaumu zetu, awajaalie Umra na Hija wazee wetu wanaoweka akiba kidogo kidogo, na atufanye sisi vijana waaminifu wa amana zao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.